Samaki wa Miamba Miwili

Kazi yangu ni kusafisha samaki. Nimeifanya tangu nikiwa msichana, ndiyo maana bandarini wananiita Mama Visu. Mume wangu ni nahodha wa boti ya mishipi mirefu. Anavua samaki wekundu wanaoishi chini kabisa, mahali ambapo mwanga wa jua haufiki. Akirudi, mimi nawapasua, nawatoa matumbo na kuwalaza kwenye barafu. Binti yetu akitoka shule huja bandani kunisaidia kuosha meza, ingawa mdomo wake hufanya kazi kuliko mikono.

Huko baharini kuna miamba miwili iliyozama. Mmoja uko karibu, mwingine uko mbali. Tangu enzi za baba mkwe wangu, manahodha walikuwa na desturi moja. Samaki wakipungua mwamba wa karibu, boti zote zinakwenda wa mbali kwa msimu mmoja, kisha zinarudi. "Wa kule watakuwa wamehamia huku," walisema. Hakuna aliyebisha.

Mwaka mmoja walirudi mwamba wa karibu kama kawaida, wakapata samaki wachache wa kuhesabika. Wakangoja msimu mwingine, boti nyingine zikivua wa mbali. Hali ikawa ileile. Mume wangu akaanza kula kimyakimya. Hatimaye akaniambia amepata kazi kwenye meli ya mizigo. Angekuwa nje miaka mingi, na kurudi mara mojamoja tu.

"Na sisi?" nikamuuliza.

"Nitawakumbuka kila siku."

"Mtoto halelewi kwa kukumbukwa, Baba Watoto."

Alishusha begi la safari kutoka juu ya kabati, akaliweka nyuma ya mlango. Kila nikilipita, moyo uliniuma.

Siku hizohizo alikuja mtaalamu wa samaki, dada mmoja mwenye viatu vya mpira vilivyompwaya. Aliomba vipande vidogo vya mapezi.

"Ila mama, wa mwamba wa karibu wasichanganywe na wa mbali," alisema.

Sisi tuliwatupa wote kwenye kreti moja. Samaki ni samaki, ndivyo tulivyoona.

Mume wangu alinuna. "Hawa wakishachukua wanachotaka, huwaoni tena."

"Mapezi hatuli wala hatuuzi," nikamwambia. "Mwache achukue."

Basi nikawatenga, nikampa. Na kweli alipotea, mpaka mume wangu akaanza kunicheka. Lakini meli ilipokuwa karibu kuondoka, yule dada alirudi. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, manahodha wakamzunguka.

"Kila kiumbe hurithi vinasaba kutoka kwa baba na mama yake," alisema. "Ni maelekezo madogo sana yaliyo ndani ya mwili. Tukiyalinganisha, tunajua nani ni ukoo mmoja na nani sio. Samaki wenu ni koo mbili. Katikati ya miamba kuna bonde refu mno, hawalivuki. Hawajazaana kwa vizazi vingi."

"Kwa hiyo wa mbali hawahamii karibu?" mume wangu aliuliza.

"Hawahamii, kaka. Mwamba wa karibu utajazwa na watoto wa waliobaki palepale. Na hawa hukua polepole. Wengine mnaowavua wana umri mkubwa kuliko wangu. Msimu mmoja hauwatoshi."

"Basi tutawarudisha majini wale wadogo."

Dada akatikisa kichwa. "Mama Visu, wakifika kwako wakoje?"

"Matumbo yamevimba, macho yametoka," nikasema.

"Ndiyo hivyo. Akivutwa kutoka kina kile, hewa iliyo ndani yake humvimbisha, hata ukimrudisha ni vigumu apone. Dawa ni kutotupa mshipi pale kabisa."

Manahodha walibishana mpaka barafu ikayeyuka. Mwishowe wakakubaliana. Mwamba wa karibu uachwe kwa miaka mingi. Mwamba wa mbali uvuliwe kwa zamu na kwa kiasi, usije ukaisha nao.

"Tutaishije na samaki wachache?" mume wangu aliniuliza nyumbani.

"Watie barafu mapema humo botini, usiwarundike. Nusu ya mnaowaleta hufika wamepondeka, natupa. Niletee wachache wazima, tutakula."

Alilitazama begi, akanitazama mimi. Meli iliondoka bila yeye. Nilishukuru sana.

Miaka ya kwanza ilikuwa migumu, sitadanganya. Lakini samaki wazima walipata wanunuzi, na baba wa mtoto wangu alilala nyumbani. Binti yetu alikua, akanipita urefu. Ndipo yule dada akaomba mume wangu amsindikize mwamba wa karibu, watupe mshipi mmoja wa kupimia.

Ulipanda na samaki wadogo wekundu. Niliwapokea bandani mwenyewe, nikakata mapezi. Tulisubiri majibu. Dada alikuja kuyaleta mwenyewe.

"Ni ukoo uleule wa mwamba wa karibu," alisema. "Ni watoto wa wale mliowaacha. Lakini bado ni wachanga, mwendelee kuwaacha."

Mume wangu alivua kofia. "Dada, nilisema hutarudi. Nisamehe. Na asante, umenibakiza kwangu."

Mimi nilimshika mikono, yangu ikiwa bado na magamba.

Begi lile halikusafiri popote. Siku hizi natunza visu vyangu humo.