Godoro Nyuma ya Karakana

Saa saba mchana bwalo la chuo lilikuwa limefurika. Foleni imetoka nje ya mlango, vijiko vinagongana, wapishi wanafoka, na jasho la wanafunzi mia tano limechanganyika na mvuke wa maharage. Katikati ya foleni alisimama msichana wa mwaka wa kwanza wa uuguzi. Sare yake nyeupe ilipigwa pasi ikapigika, kitambaa cha bluu kichwani, sinia mkononi, na machozi yakimtiririka bila hata kuyafuta. Hakuna aliyemuuliza ana nini. Wa mwaka wa kwanza wote hulia. Wengine hujifungia chooni, huyu alikuwa ameshachoka kujificha.

Kwao walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba, na jina likamfuata mpaka hosteli.

Mbele yake alisimama kijana wa uchomeleaji, ovaroli la kijivu lenye matundu ya cheche, shingo nene, mikono haitulii. Huyo alikuwa Nyundo. Mama yake hakumpa jina hilo, walimpa waliowahi kuonja ngumi yake. Jamaa mmoja aliyechelewa akaja akajipenyeza mbele yake.

"Rudi nyuma, ndugu."

"Nisiporudi?"

Jamani, kuna watu wana kiherehere! Swali halijaisha, ngumi ikamkuta kwenye taya. Jamaa akaangukia meza, viti vikaruka, bwalo zima likapiga kelele. Nyundo akavuta mkono nyuma aongeze ya pili, kiwiko kikamgonga Kitinda mdomoni. Sinia likaruka, maharage yakammwagikia kifuani, na damu ikamjaa kinywani.

Mwingine angekaa chini aendelee kulia. Kitinda aliokota sinia, akalishika kwa mikono miwili, akampiga nalo Nyundo usoni. Ukingo ukampasua juu ya nyusi.

"Mama yangu! Wewe dada una wazimu?"

"Wazimu unao wewe! Sare yangu! Mdomo wangu!"

"Sikukuona!"

"Sasa umeniona?"

Damu ya Nyundo ilikuwa inamwagika mpaka kidevuni. Kitinda akaiona, na miezi minne ya masomo ikamrudia yote kwa mpigo. Akavua kitambaa chake cha kichwa, akakikandamiza juu ya jeraha.

"Inama. Tulia, mbona unatikisika hivyo?"

"Umenipiga, sasa unanitibu?"

"Nyamaza nikutibu. Nikimaliza nakupiga tena."

Nyundo alicheka. Wenzake wa karakana walishangaa, maana tangu afike chuoni hawajawahi kuyaona meno yake.

Walikaa benchi moja kwenye zahanati ya chuo, Nyundo akisubiri kushonwa, binti akiwa amekamata pamba mdomoni.

"Kwani ulikuwa unalia nini kabla sijakugusa?" Nyundo aliuliza.

"Nimekumbuka kwetu."

Kitinda alingoja acheke. Nyundo hakucheka. Alitazama vidole vyake vilivyochubuka, akasema polepole, "Mimi nikikumbuka kwetu, napiga."

"Unapiga simu?"

"Napiga watu."

Hapo ndipo mapenzi yalipoanzia, kwenye benchi la zahanati lenye harufu ya spiriti, mmoja ana mdomo kama kiazi na mwingine anangoja sindano.

Kitinda alikuwa na dawa yake ya upweke. Mama yake alikuwa mshonaji. Kila siku saa kumi alasiri mama alipiga simu, akaiweka mezani kando ya cherehani, akaendelea na kazi yake. Hawakuzungumza. Cherehani ililia, mama akakohoa, akagombana na uzi, na huku hosteli binti akasoma madaftari yake na simu ikiwa wazi saa nzima. Siku aliyomruhusu Nyundo kuweka sikio moja kwenye ile simu, kijana hakuliondoa mpaka mwisho.

"Mama yako anaongea na uzi," alisema.

"Anautukana."

"Kwetu baba anaongea na lori. Analiambia, twende mzee mwenzangu." Akamrudishia simu. "Kipenzi, nikuambie kitu, usinicheke?"

"Nakucheka kwanza, halafu sema."

Akasema. Chuo kilikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: ukipigana mara tatu, unafukuzwa. Yeye alikuwa na mbili, na hazikumpata kwa bahati mbaya. Baba yake, dereva wa lori, alikuwa amewatangazia madereva wenzake wote kwamba mwanawe yuko chuoni. Nyundo angemwambiaje mtu huyo kwamba analia kila asubuhi akivaa viatu, kwamba anataka kurudi? Hakuwa na kinywa cha kulisema. Basi akaamua afukuzwe. Akifukuzwa atarudi nyumbani, na hasira za baba atazivumilia kuliko aibu ya kusema nimeshindwa.

Kitinda alimpiga kofi la bega, la nguvu. "Mpumbavu! Kwa hiyo meno ya watu ndiyo nauli yako?"

"Sasa sitaki tena kuondoka."

"Kwa nini?"

"Usijifanye hujui, mpenzi."

Alijua. Alitazama pembeni, shingo imepata moto. Kisha akamwekea sharti: akimpiga mtu mwingine hata kibao, basi asimtafute tena. Hasira zikija atafute pa kuzipeleka. Wakaokota godoro kuukuu, wakalifunga kwa waya kwenye nguzo nyuma ya karakana. Kila mmoja akawa na zamu yake. Nyundo alilipiga mpaka sufi ikatoka. Kitinda naye akaomba afundishwe, maana dawa ya cherehani ilikuwa imeanza kumwishia nguvu.

Sasa sikiliza kosa lilipoingia. Siku hiyo Kitinda alitoka hosteli saa kumi na dakika chache, simu mfukoni, ikiwa wazi kama kawaida. Alisahau kabisa kwamba mama yuko upande wa pili. Ni kama mtu anavyosahau miwani iliyo usoni mwake.

Alipofika kwenye godoro macho yalikuwa yamemvimba kwa machozi. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya dada yake, na kwao wanakula wote bila yeye.

"Njoo hapa," Nyundo alisema, akishika godoro kwa nyuma. "Usilie. Nikikwambia usilie, usilie!"

Pu! Pu! Pu!

"Basi, Nyundo, mkono umevimba!"

"Hakuna basi. Ukilia, nakuongezea kumi!"

Pu! Pu! Ngumi ya mwisho ya Kitinda ikapita godoro ikakuta nguzo.

"Mamaaa! Nakufa mimi!"

Simu ikaisha chaji.

Wao waliangukiana wakicheka, Nyundo akimpuliza vidole, akimwita bondia wangu. Umbali wa safari ya usiku kucha, mwanamke mmoja alisimama kando ya cherehani, simu mkononi. Alipiga tena, haipatikani. Alipiga mara thelathini. Hosteli umeme ulikuwa umekatika, na simu ya Kitinda ililala imezima chini ya mto. Mama akampigia mwanawe mkubwa, mwenye bucha. Huyo hakuuliza maswali. Alivua aproni yenye damu, akapanda basi.

Saa tatu asubuhi Bucha, ameshaelekezwa getini, aliingia karakana akiwa na macho mekundu. "Nyundo ni nani?"

Watu wakaonyesha kidole, bila kujua. Nyundo alikuwa amepiga magoti juu ya lango la chuma, barakoa ya kuchomelea usoni, cheche zikimrukia. Hakusikia kitu. Bucha aliokota nondo sakafuni, akaishusha kwa nguvu zote. Mkono wa kushoto ukavunjika kwa mlio ambao waliokuwepo wanausikia mpaka leo.

Nyundo aliruka, akang'oa barakoa. Mkono wa kulia ulikuwa umeshashika nyundo ya kweli, ya kilo mbili. Wanafunzi wakazunguka. "Mpige! Mmalize!" Bega lake lilikuwa limeshapanda. Kisha akamwona mwalimu wa karakana mlangoni, akakumbuka ya tatu, akakumbuka sharti. Akaiachia nyundo ikaanguka, akakaa chini sakafuni.

"Simama upigane!" Bucha alinguruma.

"Sipigani."

"Wanawake tu ndio unaowaweza?" Nondo ikashuka tena. Nyundo akakinga kwa mkono wa kulia, vidole viwili vikapasuka. Teke likamwingia mbavuni. Jino likatoka na damu. Hakunyanyua mkono kupiga, na uso wake ulikuwa wa mtu anayekula moto akijua utamuunguza. Mwalimu alikuwa anapiga kelele, vijana watatu walijaribu kumshika Bucha wakatupwa kama magunia.

Kitinda alikuja mbio kutoka darasani, sare nyeupe, viatu ameviacha njiani. Hakupiga yowe. Alimfuata kaka yake akampachika ngumi katikati ya pua.

"Kaka! Unaua mtu!"

Bucha aliyumba, pua inachuruzika. "Ndiye anayekupiga! Mama amesikia kwa masikio yake! Unalia, anakuongezea!"

Nyundo aliyasikia hayo akiwa amelala kwenye vumbi la chuma. Alimtazama Kitinda. "Umewaambia nakupiga?" alisema kwa mdomo uliojaa damu. "Mimi?" Kisha akafumba macho, na wakambeba kumpeleka hospitali.

Kweli ilichukua dakika tano tu kupatikana. Kitinda alimburura kaka yake mpaka kwenye godoro, akamwonyesha. Bucha alilitazama lile godoro lililopasuka, akaligusa, akakaa chini mavumbini na nondo bado mkononi.

"Mungu wangu. Nimepiga mtoto wa watu bure."

"Bure kabisa."

"Twende nyumbani, mdogo wangu. Mama kasema nisirudi bila wewe. Funga mzigo."

Miezi minne Kitinda alikuwa akifunga begi lake kila Jumapili na kulifungua kila Jumatatu. Haya sasa, kaka huyu hapa, basi lipo, na mama mwenyewe ameita. Ilimvuta, nisikudanganye.

"Siendi," alisema. "Na wewe huendi popote mpaka useme mbele ya mlezi wa wanafunzi ulichokifanya. Wakimfukuza kwa ajili yako, sitakusamehe mpaka naingia kaburini."

Bucha alibaki siku tatu. Mlezi, mama mmoja mkali mwenye miwani ya kamba, alitaka polisi. Nyundo akatuma neno kwamba hamshtaki mtu. Lakini Kitinda mwenyewe alikataa kumpokea. Kila alipofika wodini, Nyundo aligeukia ukutani.

"Mwambieni huyo dada nimelala."

"Nakusikia unaongea!"

"Mwambieni naongea usingizini."

Alirudi hosteli akilia, na safari hii haikuwa kwa sababu ya nyumbani.

Siku ya tatu aliyeingia wodini alikuwa Bucha, pua imebandikwa plasta. Wagonjwa wawili walijifunika shuka. Lile jitu likapiga magoti kando ya kitanda.

"Bwana mdogo, nimekosa. Dada yangu hakusema lolote. Simu ilikuwa wazi mfukoni. Mama alisikia godoro."

"Alisikia nini?"

"Godoro. Na wewe ukimwambia ukilia nakuongezea kumi. Hebu niambie, shemeji, ungekuwa wewe ungefanya nini?"

Nyundo alitazama dari. Akaanza kucheka, mbavu zikamchoma, akacheka na kulia pamoja. "Ningekuja na nondo," alisema.

Kitinda alikuwa nyuma ya pazia. Alitoka akasimama mbele yake, mikono kiunoni. "Siku tatu! Siku tatu unanigeuzia mgongo, we mtu! Ulidhani naweza kusema hivyo juu yako?"

"Nilikuwa nimepigwa, mpenzi. Akili zilitoka na jino."

"Ningekuwa na sinia hapa ungeona."

"Nisamehe, bondia wangu. Mwenzio nimeumia."

Akakaa pembeni ya kitanda, akamshika uso, akambusu kwenye paji. Bucha akageuka akatazama dirishani kwa heshima.

Jioni hiyohiyo mlezi alileta uamuzi. Bucha alikuwa amekiri mbele ya kamati, na karakana nzima imeshuhudia Nyundo amekaa chini. Hilo si pigano. Hafukuzwi. Tena, kwa kuwa hawezi kushika kifaa muhula huu, chuo kinampa ruhusa aende nyumbani apone, na nafasi yake itamsubiri.

Mlezi akaacha barua kitandani, akatoka. Nyumbani! Bila kufukuzwa, bila aibu, na barua yenye mhuri.

"Ukienda, hurudi," Kitinda alisema. "Nakujua. Miezi mitatu ya kuongea na lori, halafu hapa utapaona jehanamu."

"Na nisipoenda?"

"Utaumia. Mimi nitakuwepo, lakini utaumia. Siwezi kukudanganya. Ila usiende kwa kujificha nyuma ya mkono uliovunjika. Mpigie baba yako. Mwambie ukweli, kisha uamue."

"Siwezi kushika simu."

"Nitakushikia."

Alimwekea simu sikioni. Iliita mara nne, kisha ikaja sauti nzito yenye mngurumo wa injini nyuma yake.

"Mwanangu! Chuo hakijambo?"

Nyundo alifumba macho.

"Baba, nalia kila siku," alisema. "Tangu nimefika. Nilikuwa napigana makusudi wanifukuze nirudi, kwa sababu niliogopa kukwambia."

Injini ikazimwa upande wa pili.

"Mimi nimeendesha miaka ishirini na mbili," baba alisema. "Kila nikitoka getini nalia mpaka mzani wa kwanza wa kupimia malori. Mama yako hajui. Nitakuja huko na mzigo keshokutwa. Nikuchukue?"

Nyundo alimtazama msichana aliyemshikia simu, sare ina doa la dawa, mkono umechoka na bado hauteremshi.

"Hapana, baba. Pita tu unione. Nilitaka ujue."

"Sawa. Mbona unahema hivyo? Unaumwa?"

"Nimevunjika mkono. Na vidole vya mwingine."

"Ehe! Na simu amekushikia nani?"

Nyundo akababaika. Kitinda aliichukua simu, akaiweka sikioni kwake, akavuta pumzi.

"Shikamoo baba. Ni mkweo. Aliyemvunja ni kaka yangu, yuko hapa anakungoja, naomba uje na moyo mkubwa."