Aliyejua Lugha ya Mama Gerlinde

Chai ya Mama Gerlinde ilikuwa imeshika barafu.

Husnah aliinamia kikombe, akakigusa kwa ncha ya kidole. Utando mwembamba ukapasuka. Ilikuwa saa kumi alasiri, Luzira, jua likichoma mabati, na chai hiyo alikuwa ameimimina muda mfupi tu uliopita, ikitoa mvuke.

"Mama, hukunywa?"

"Nilikuwa naongea."

"Na nani?"

Bibi yule alitazama kiti kitupu kilichokuwa mbele yake, kama mtu anayeomba ruhusa.

Mama Gerlinde alikuwa na miaka themanini na mbili. Alizaliwa Krummtann, kijiji cha Wajerumani wachache katikati ya vilima vya misitu, nyumba kumi na moja tu na kanisa dogo. Ujanani alikwenda Tanzania kufanya kazi ya ukunga, akajifunza Kiswahili huko, kisha akaja Uganda akaolewa na Ochan, fundi wa mitambo ya meli pale Port Bell. Ochan alikuwa na miaka tisa kaburini. Mtoto hawakupata. Husnah, Mnubi, mjane aliyekaa peke yake Nateete, alimtunza tangu asubuhi hadi magharibi, mwaka wa nne sasa. Walisemezana Kiswahili, kwa kuwa hakikuwa lugha ya mama ya yeyote kati yao.

Baada ya siku ile ya chai, Husnah alianza kusikia harufu. Harufu ya majani yaliyooza kwenye baridi, ya utomvu wa miti asiyoijua. Alifua mapazia, akapiga sakafu deki mara mbili, akafukiza ubani. Alasiri ilipofika, harufu ikarudi, na mpini wa mlango wa sebule ukawa baridi kama chuma kilichotolewa kwenye friji.

Alhamisi moja alisimama nje ya mlango huo akiwa na sinia la chai mkononi, akasikia sauti ya kikongwe ikisema Kijerumani cha ajabu, kizito, cha kooni, na Mama Gerlinde akijibu kwa furaha, kisha sauti ya mwanamume ikaingia, kisha ya mtoto anayekohoa, kisha wanawake wawili wakicheka pamoja, mpaka ikawa kama kijiji kizima kimekaa humo ndani, na Husnah alipochungulia kwenye ufa wa mlango hakuona mtu ila mwajiri wake na kile kiti, na sauti zote zile, za wazee na watoto, zilikuwa zikitoka mahali pamoja, juu kidogo ya kiti, pale ambapo mdomo wa mtu aliyekaa ungekuwa.

Sinia lilimponyoka.

"Ingia, usiogope," Mama Gerlinde alisema kwa sauti ya chini. "Ameondoka. Umemtisha."

"Ni nani huyo, Mama?"

Bibi akakusanya shali yake. "Dada yangu Ottilie alikuwa mtu wa mwisho Krummtann. Wengine walikufa, vijana walihama. Kila Alhamisi nilimpigia simu. Lugha yetu ni ya vilima vile tu, hata Wajerumani wa mjini hawaielewi. Mwezi wa pili akafa. Mimi niliendelea kupiga."

"Kumpigia nani?"

"Nilitaka kusikia simu ikilia ndani ya nyumba yetu. Basi. Halafu siku moja ikapokewa."

Husnah alichutama kando ya sinia lililoanguka.

"Alisema kwa sauti ya Ottilie kwamba nyumba zote ni tupu, hakuna wa kuongea naye. Nikamwambia njoo."

"Bambi, pole Mama. Aliyekufa hapokei simu."

"Najua si Ottilie." Macho yake ya kijivu yalijaa machozi. "Lakini anasema kama yeye. Wewe una Wanubi wenzako Bombo, Kibuli, kila mahali. Mimi nina nani?"

Husnah aliokota vipande vya kikombe.

Wiki mbili zilizofuata bibi akaanza kupukutika. Kiswahili kilimtoka neno kwa neno; akasahau kuomba maji, akasahau jina la Ochan. Jumatatu alimtazama Husnah akavuta mkono wake kwa woga, kama mtoto aliyeshikwa na mgeni. Hapo Husnah akampigia simu Sheikh Jibril wa Nateete, akamsimulia yote.

Sheikh alikuja kesho yake mchana. Alikaa sebuleni, akavuta pumzi puani.

"Jini huyu alikaa msituni jirani na watu hao vizazi na vizazi," akamwambia Husnah kwa mnong'ono. "Alizoea kelele zao. Walipoisha, akabaki na sauti zao tu. Sasa anamaliza ya mwisho."

"Utamtoa, Sheikh?"

"Mimi nitasoma, nimbane. Lakini aliitwa na bibi mwenyewe kwa lugha yake. Mwenyewe ndiye wa kumwambia nenda. Na wewe, ukisikia unaitwa, usiitike. Awe nani, usiitike."

Alasiri ilipofika madirisha yakaingia ukungu. Sheikh alianza kusoma, na kadiri alivyosoma kiti kilitetemeka, sauti zikamwagika, za vikongwe, za wachunga ng'ombe, za maharusi, zikimlilia Mama Gerlinde, naye akitikisa kichwa, hapana, hapana, hatasema neno lile, na baridi ikapanda kutoka sakafuni mpaka magotini mwa Husnah, halafu ghafla zote zikanyamaza, na katika ule ukimya mwanamke mmoja akaita kwa Kinubi, polepole, kama anayeita akiwa anasuka mkeka:

"Husnah. Taal, biniya tai."

Njoo, binti yangu. Mama yake alikuwa amezikwa Bombo miaka ishirini na sita iliyopita. Husnah alijua kila alichoambiwa na Sheikh, alikijua vizuri, na miguu yake ikainuka, ikapiga hatua moja, ya pili, mdomo ukafunguka kusema naam, Mama.

"Husnah!"

Alikuwa Mama Gerlinde. Alikuwa amesimama bila mkongojo, na jina lile amelikumbuka. Alimshika Husnah kiunoni kwa mikono yote miwili, kama mkunga, akakigeukia kiti na kusema neno moja fupi katika lugha ya vilima vyao.

Dirisha likapasuka. Joto la Luzira likaingia, na sauti za bodaboda barabarani.

Jioni hiyo bibi alikunywa uji bakuli zima. Hakulia. Aliuliza tu, "Ulisikia nani?"

"Mama yangu."

"Alisema vizuri?"

"Vizuri sana, Mama."

Mama Gerlinde akaitikia kwa kichwa. Akasema neno moja la Kijerumani cha kwao, akangoja kidogo, kisha akalitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili: "Usingizi."

Husnah alimlaza, akamwachia zamu mtunzaji wa usiku, akarudi Nateete. Sheikh alikuwa amemwagiza asome Ayatul Kursiy, aya ya kinga dhidi ya majini, mara tu akifungua mlango wa chumba chake. Hakusoma. Alikaa ukingoni mwa kitanda na buibui lake mwilini, akaweka mikono magotini, akasikiliza.

Jirani alizima redio. Adhana ya isha ikaja, ikapita.

Hakuna aliyemwita.