Nilisoma Kifo Changu Ukutani

Nimekufa.

Ndivyo kilivyosema kikaratasi kilichobandikwa ukutani, juu ya kiti changu mwenyewe: "Sebule ya bibi yangu Spéciose, aliyetutoka miaka miwili iliyopita."

Spéciose ni mimi, wapendwa. Mimi huyu ninayewaandikia.

Nilikuwa ndani ya galeri moja hapa Bujumbura. Wasanii sita walikuwa wanafungua maonyesho yao, na mmoja ni mjukuu wangu Orlane. Hakunialika. Niliona tangazo kwenye simu ya mwenzangu wa kwaya, nikavaa imvutano, vazi langu la sherehe, nikatoka nyumbani Ngagara kwenda kumshangilia.

Mwezi mmoja kabla, Orlane alikuja na gari akabeba viti vyangu vyote vitatu.

"Bibi, napeleka kwa fundi avishone upya."

Mwezi mzima nikakaa kwenye mkeka. Hakuna aliyeuliza viti viko wapi, maana hakuna aliyeingia.

Kumbe viko hapa... Vimepangwa kama kwangu, na vitambaa vyangu vyeupe nilivyofuma kwa mkono, maua kumi na mawili kila kimoja. Hata termosi yangu ya chai.

Nikakaa.

Dada mmoja wa galeri akaja mbio.

"Mama, apana kukaa pale. Ile ni kazi ya sanaa."

"Ni kiti yangu."

"Watu wote wanasema vile, mama. Inagusa watu sana."

Nikasimama. Orlane alikuwa hatua tatu tu kutoka kwangu, na mgeni mmoja akamuuliza, "Na ule mama ni nani?"

Akanitazama machoni.

"Ni jirani wa bibi."

Nilitaka aseme mwenyewe kwamba niko hai. Nikangoja.

Sasa, hapa kwetu, viti vya plastiki vikipangwa, vinywaji vikagawiwa, na mtu akashika mikro ya kusemea kumtaja marehemu, hiyo ni siku ya kuondoa kilio, yaani kumaliza matanga; na humo galerini yote yalikuwapo. Jirani husema, familia hujibu. Mzee Sylvère, wa barabara ya pili kutoka kwangu, alikuja kwa ajili ya mwanawe, msanii pia. Alipokisoma kile kikaratasi, akaomba mikro.

"Ndugu zangu, mi niko jirani. Munisamehe, sikupata habari ya kifo. Mke wangu alipolazwa hospitali, Spéciose alinipikiaga samaki ya ndagala kila siku. Kisha mi nikapita kwa mulango wake miaka mbili. Naona imefungwa, nasema, atakuwa amelala..."

Watu wakatoa simu, wakarekodi.

Mikro ikamfikia Orlane. Moyoni nikasema, sasa, mwanangu. Sasa.

"Asante, muzee. Familia imepokea."

Basi nikamwendea, nikaichukua mikro mkononi mwake.

"Familia haijajibu bado. Sylvère, ni mimi. Na zile ndagala ulikuwa unalalamika hazina chumvi."

Galeri nzima ikapiga makofi. Walidhani ni mchezo, sehemu ya ile kazi. Wakamkumbatia Orlane, wakimwambia wazo lake ni zuri. Nikasimama kati ya watu mia, mzima, na hakuna aliyeamini.

Ila Sylvère. Alinishika mkono, akaufinya kama anayepima embe.

"We, uko na joto."

"Nilikuwa nalo siku zote."

Orlane alinifuata nje, analia.

"Bibi, watu wa galeri walitaka kazi juu ya watu waliokufa. Mi sina mutu mwingine aliyekufa. Nilijua hautokagi, ila kwaya tu, hautaona."

"Sawa. Umetangaza kifo. Sasa njoo ukae kilio. Siku saba, unalala kwangu, kama desturi."

Alidhani natania. Kesho yake saa nne asubuhi alifika na begi.

Siku tatu za kwanza alitazama simu. Siku ya nne, tukichambua maharagwe, akaniuliza, "Bibi, ulizaliwa wapi?"

Ana miaka ishirini na sita. Hakuwahi kuniuliza. Nilimweleza mpaka maharagwe yakafika jikoni, yakaungua.

Ninyi mlio na wazee, waulizeni wakiwa bado wana sauti ya kujibu. Kumlilia mtu ni rahisi. Kazi ni kubisha hodi kwake.

Siku ya nane Orlane alirudi kwake Gihosha. Nyumba imenyamaza tena, ndiyo maana nimepata nafasi ya kuwaandikia.