Antena Iliyofichwa Chini

Mume wangu ana siri moja tu maishani, nayo ni mahali pa kupata pweza.

Baba yake alimwonyesha mwamba huo zamani. Uko kusini ya kisiwa cha Beomdo. Tunateremsha vyungu vya udongo vilivyofungwa kwenye kamba ndefu. Pweza wanaingia humo wenyewe kulala. Asubuhi tunavuta. Boti yetu, Haeseong, ni ya watu wawili, yeye na mimi.

Hata mdogo wake, Pil-jun, alikuwa hajui mwamba huo. Alikuwa akiuliza kwa simu kabla hatujapita Beomdo, "Kaka, uko wapi leo?" Mume wangu humjibu, "Niko Songdo." Na Songdo iko kaskazini kabisa!

"Haya bwana," Pil-jun husema. "Siri ya mtungi aijuaye kata."

Mwaka jana ushirika wa wavuvi ulitaka kila boti ifungwe redio ya baharini na antena, kwa sababu simu hukata ukishapita Beomdo. Wenzetu walimwita fundi. Mume wangu alifunga mwenyewe. Nilimkuta anaifunga antena chini, ubavuni mwa kibanda, nyuma ya nguzo ya chuma.

"Baba Yeon-ju, mbona wenzako wameiweka juu ya paa?"

"Wenzangu wanataka kusikika mpaka bara. Mimi nataka kuwasikia wao tu, wasije kuniuliza niko wapi."

"Na siku ukitaka kuita?"

"Nimwite nani? Si nina wewe?"

Nilicheka. Najuta mpaka leo kwamba nilicheka.

Asubuhi moja ya mwezi wa nne tulikunywa supu yetu ya mwani, tukaenda kuvuta vyungu. Saa tatu ukungu ulishuka. Sikuona hata mbele ya boti. Mara injini ikakohoa, ikazimika. Kamba ya vyungu ilikuwa imejisokota kwenye pangaboi, chini ya boti.

Mume wangu alilala kifudifudi, akaikata kamba kwa kisu. Ikakatika, lakini fundo likabaki palepale kwenye pangaboi. Sasa hatukuwa na kitu cha kutushika. Mkondo ukatuchukua. Tulitupa nanga, haikufika chini. Nilitazama mashine ya ramani. Tulikuwa tunaingia kwenye njia ya meli kubwa.

Honi nzito ikalia.

"Hiyo meli," nikasema.

"Iko mbali."

Ikalia tena. Haikuwa mbali hata kidogo.

Alishika maiki, akafungua chaneli ya kumi na sita, ile ya dharura. "Meidei, meidei, meidei! Hii ni boti Haeseong! Tunahitaji msaada!" Akaachia kitufe, tukasikiliza. Walinzi wa pwani walikuwa wanaongea na boti nyingine, sauti safi kabisa. Akaita tena. Akaita mara ya tatu. Hakuna aliyejibu. Sisi tuliwasikia, wao hawakutusikia.

"Redio mbovu hii!" akapiga kelele.

"Si redio! Ni hiyo antena uliyoificha kama chupa ya pombe!"

Nilichukua mwanzi tunaofungia bendera ya vyungu. Nikakata vifungo vya antena, nikaifunga kwenye ncha ya mwanzi. Waya wake ulikuwa mrefu, ulitosha. Nikapanda juu ya paa, nikasimamisha mwanzi kwa mikono miwili.

"Mama Yeon-ju, utaanguka!"

"Ita!"

Akaita. Safari hii sauti ikajibu hapohapo. "Haeseong, nakusikia. Taja mahali ulipo."

Mume wangu akasema, "Niko Songdo."

Jamani! Kifo kinatujia, na ulimi wake unaenda kulekule ulikozoea! Mwenyewe alishtuka.

"Wee mwanamume! Unataka wakatutafute Songdo tumekufa huku?"

"Watasikia wote," akasema kwa sauti ndogo.

"Na wasikie!"

Nilitamani kumnyang'anya maiki, lakini ningeshuka sauti ingekatika. Ni yeye tu angeweza kusema. Alitazama mashine ya ramani, akabonyeza kitufe. "Nimekosea. Si Songdo. Ni kusini ya Beomdo." Kisha akasoma namba za mahali, moja baada ya moja, polepole. Mvuvi yeyote angejua tumetoka kwenye mwamba gani.

Baada ya dakika chache ukuta wa chuma ulitokea ndani ya ukungu. Ulikuwa unageuka. Walinzi walikuwa wamemwambia nahodha. Wimbi lake lilitunyanyua, nikaangukia magoti juu ya paa. Meli ikapita karibu sana, nikanusa moshi wake.

Pil-jun ndiye aliyefika wa kwanza kutuvuta. "Kumbe ni huku," alisema. Kisha akaanza kulia.

Kesho yake tulimwita Fundi Tak, mama anayefunga redio bandarini. Aliangalia kazi ya mume wangu, akatikisa kichwa.

"Sauti ya redio hii huenda moja kwa moja," alisema. "Antena ikiwa juu, inafika mbali. Ukiiweka chini nyuma ya chuma, unajiziba mdomo."

"Lakini niliwasikia vizuri," mume wangu alibisha.

"Mnara wao ni mrefu na redio yao ina nguvu. Yako ni ndogo. Inahitaji kimo."

Aliifunga antena juu ya paa, kwenye mlingoti wake, mbali na vyuma. Hakuukunja waya kwa nguvu. Kwenye maungio alizungusha utepe ili maji ya chumvi yasiingie.

"Usibonyeze kitufe cha kusema kama antena haijaungwa, utaiunguza redio," alionya. "Kila ukitoka, jaribu na boti iliyo mbali, kwenye chaneli ya kazi, si ile ya dharura. Na ukiomba msaada, taja jina la boti, mahali, shida, na idadi ya watu."

"Mahali pa kweli," nikaongeza. Fundi Tak akauma mdomo asicheke. Alikuwa ameshasikia, kama bandari nzima.

Wiki iliyofuata tulikuta boti nne mwambani. Mume wangu alinuna mpaka mchana. Kisha redio ikaita. Ilikuwa sauti ya Pil-jun kutoka ng'ambo ya Beomdo.

"Kaka, ukungu unaingia. Uko wapi?"

Mume wangu alinitazama. Akachukua maiki. "Niko mwambani, upande wa mashariki. Tuko wawili."

"Nakusikia, kaka. Ningojeeni, turudi pamoja."

Siku hiyo tulipata pweza tisa. Zamani tulikuwa tunapata arobaini. Alilalamika njia nzima mpaka nyumbani, na mimi nilimwacha alalamike. Nilikuwa nimekaribia kuikosa sauti hiyo.