Boksi Lililokatwa Pembe

Kila alipotoka shule, Wino hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwenye duka la uchapaji la baba yake, akasukuma mkoba chini ya meza ya kukatia karatasi, akanawa mikono, kisha akakaa kwenye kigoda chake kuchambua kazi zilizotoka kwenye mashine. Jina la Wino alipewa na mafundi wa pale alipokuwa mdogo, siku aliyochovya kiganja kwenye rangi nyeusi na kugonga ukuta mzima wa choo. Alama zile ziko mpaka leo, ingawa kiganja chenyewe kimekua.

Kazi yake haikuwa ngumu, ila ilitaka macho. Karatasi safi ziliwekwa kulia. Zilizoharibika, labda rangi imehama ikatoka nje ya mstari, labda bwana harusi kwenye kadi ameota kivuli cha kijani shavuni, zilikwenda kushoto. Lakini kabla ya kuwekwa kushoto, kila moja ilikatwa pembe kwa mkasi. Hiyo ilikuwa sheria ya baba, na hakuna fundi aliyethubutu kuivunja. Karatasi isiyo na pembe, hata mtu aliyelemewa na usingizi hawezi kumfungia mteja kwa bahati mbaya. Baba alikuwa akisema kuharibu kazi si aibu, maana mashine nayo ina siku zake. Aibu ni kuitoa mlangoni na pembe zake nne.

Wino alipenda kuchora, na alipenda katuni za Kijapani pengine kuliko chakula. Shuleni alikaa dawati moja na Kibonge, msichana mwembamba kama ufito, ndiyo maana wenzake walimpa jina hilo kwa utani. Wawili hao wangeweza kumaliza mapumziko yote wakibishana kama mpiga mishale mwenye koti jekundu, shujaa wa katuni waliyoipenda, angeweza kumshinda nduguye au la. Mkate wangeusahau mkononi.

Basi Wino alipofaulu mitihani, shangazi yake alimwahidi zawadi, achague mwenyewe. Wino akasema anataka kisanamu cha mpiga mishale. Shangazi akampa simu, akamwambia yeye hayo mambo ya katuni hayajui, kwa hiyo Wino aangalie vizuri duka la mtandaoni, asome na maoni ya wanunuzi wengine, asiwe na pupa.

Pupa ndiyo iliyomponza. Wauzaji walikuwa wengi, na karibu wote bei zao zilikaribiana, isipokuwa mmoja ambaye bei yake ilikuwa chini mno, kama mtu anayegawa. Picha alizoweka zilikuwa zilezile za watengenezaji, nzuri, zimenyooka, wala hakukuwa na hata moja iliyopigwa kwenye meza ya mtu wa kawaida. Wanunuzi waliosifia walisifia kwa maneno yaleyale, siku ileile, kama wanafunzi walionakili jibu kwa jirani. Chini kabisa kulikuwa na mmoja aliyelalamika kwamba kisanamu chake kinanuka na boksi halina kile kibandiko cha mtengenezaji kinachong'aa. Wino aliyaona yote hayo. Akajiambia huyo mlalamikaji ana kisirani chake. Akabonyeza.

Mzigo ulipofika, aliufungulia chumbani. Harufu ndiyo iliyotangulia kutoka, kali kama ya rangi ya mlango. Mpiga mishale alikuwa na jicho moja juu kuliko jingine, na wekundu wa koti ulikuwa umemwagikia shingoni. Wino akaligeuza boksi, akatafuta kibandiko kinachong'aa, hakukiona. Akalisogeza dirishani. Hapo hakuhitaji kuambiwa na mtu: rangi za picha zilikuwa zimehama, nyekundu huku, mstari mweusi kule. Dukani kwa baba, kazi kama hiyo isingemaliza hata dakika moja bila kukatwa pembe.

Jioni shangazi alipiga simu kuuliza kama kimempendeza. Wino akasema kimempendeza sana. Alimwonea haya kumwambia kwamba aliambiwa asiwe na pupa, na pupa akafanya.

Huo ulikuwa uongo mdogo, na labda ungeishia hapo. Lakini kesho yake Wino akabeba kisanamu kwenda nacho shule. Kule nyuma ya maktaba wapenzi wa katuni walikuwa na gulio lao la kubadilishana vitu: vitabu, vibandiko, beji. Na walikuwa na desturi yao. Anayepokea huuliza mara moja tu, "Ni cha kweli?" Mwenye kitu akishajibu, wameshamalizana, hakuna kurudishiana wala kununiana.

Kibonge alipokiona kisanamu alikipokea kwa mikono miwili. Jicho lililopanda hakuliona, au aliliona akadhani ndivyo mpiga mishale anavyokunja uso. Akatoa kwenye mkoba wake pakiti ya kalamu za kuchorea, zenye ncha nyembamba kama sindano, ambazo kaka yake alimletea kutoka safari na ambazo Wino alikuwa akizimezea mate muhula mzima.

"Ni cha kweli?" Kibonge akauliza.

Wino akamtazama usoni. "Cha kweli."

Tangu saa ile kalamu zile zikawa mzigo. Wino alichora nazo mkono, ukatoka kama uma. Akachora uso, akaufuta. Darasani Kibonge alikuwa akikisafisha kisanamu kwa ncha ya sketi yake, na Wino alijifanya anatafuta kifutio kilichokuwa mbele yake. Siku ya pili Kibonge akamvuta pembeni, akamwambia kwamba usiku amewaza, akaona amempunja rafiki yake. Kalamu tu kwa kitu kama kile? Akamwekea mkononi kitabu chake kikubwa cha katuni, kile alichokuwa haazimishi mtu, akamwambia akichukue moja kwa moja, wawe sawa. Wino akasema hapana. Kibonge akasema asipokichukua ataona vibaya. Wino akakichukua, na aliona vibaya kuliko yeye.

Halafu mwalimu wa sanaa akatangaza kwamba Ijumaa kutakuwa na maonyesho ya vitu wanavyovipenda, na wazazi wataalikwa. Kibonge akawa wa kwanza kunyoosha kidole. Akaandika kadi yake kwa mwandiko wa kupinda: "Kisanamu halisi cha mpiga mishale. Nimekipata kwa rafiki yangu." Wino aliisoma kadi ile mara mbili. Darasa la jirani kulikuwa na mwanafunzi waliyemwita Profesa, ambaye alijua kila kitu kuhusu katuni za Kijapani na hakuwa na breki mdomoni. Profesa angekigeuza kisanamu mara moja tu, na Kibonge angechekwa mbele ya shule nzima na mbele ya mama yake.

Alhamisi Wino akakaa kwenye kigoda chake dukani, akachambua kadi za mwaliko bila kuziona. Baba alipita, akachukua kadi moja kutoka upande wa kulia, akaisogeza kwenye taa. Maua yalikuwa yamehama nje ya mistari yake. Pembe zake zote zilikuwepo.

Baba hakufoka. Alivuta kigoda kingine, akakaa, akamuuliza anaumwa wapi. Wino akaanza kusema haumwi, mara ikawa kama bomba limepasuka. Alieleza yote: bei, harufu, boksi, shangazi, kalamu, kitabu, kadi ya Kibonge. Fundi mmoja aliyekuwa akipaka mashine mafuta alijikuta ana kazi ya haraka nje.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. "Aliyekuuzia wewe tumwiteje?"

"Tapeli."

"Na yeye alikuwa anajua kwamba kitu ni bandia?"

"Alijua."

"Haya. Na aliyempa Kibonge, alikuwa anajua?"

Wino akatazama sakafu, penye matone makavu ya rangi ya kila namna. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, kwamba anaomba ruhusa aende kwa kina Kibonge sasa hivi, na anaomba aazimwe mkasi.

Mama yake Kibonge alikuwa msusi, na alifanyia kazi sebuleni. Wino alimkuta ana mteja katikati ya miguu, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama. Akaamkia. Kibonge alikuwa mezani, amekiweka kisanamu juu ya boksi lake, anajaribu kadi ikae upande gani. Wino aliweka kalamu mezani, akaweka na kitabu juu yake.

"Si cha kweli," akasema. "Nilijua siku ile. Uliponiuliza nilikuwa najua."

Msusi aliacha kusuka. Mteja naye aligeuza shingo, akakumbuka nywele zake zimeshikwa.

Kibonge hakupiga kelele. Alikichukua kisanamu, akakinusa, akakitazama macho, lile la chini na lile la juu, kana kwamba ndiyo kwanza anakiona. "Ulinitazama usoni kabisa," akasema. "Mimi nikaongeza na kitabu."

Wino akasema ndiyo. Hakusema alikuwa na sababu, maana njiani alizitafuta sababu zote akaona hakuna hata moja inayosimama. Akamwonyesha palipotakiwa kuwa na kibandiko, akamwonyesha rangi zilizohama. Kisha akatoa mkasi wa baba, akalikata boksi pembe, kacha! Akamweleza kwamba dukani kwao kitu kikishakatwa hivi, hakiwezi tena kumdanganya mtu.

Kibonge alinuna. Alinuna hasa, na alikuwa na haki yake. Wino alipoaga, mama yake Kibonge ndiye aliyeitikia. Lakini asubuhi ya Ijumaa Kibonge alikuja shule na boksi lile lile chini ya kwapa, akamtupia Wino kadi tupu bila kumtazama, akamwambia aandike yeye, kwa kuwa ndiye mjuzi wa bandia.

Kwa hiyo kwenye maonyesho, kati ya mkusanyo wa vifuniko vya chupa na gari la waya, kulikuwa na mpiga mishale mwenye jicho lililopanda, na kadi iliyosema kwamba huyu ni bandia, na jinsi ya kumjua. Bei iliyo chini kuliko wote. Sifa za wanunuzi zinazofanana kama zimetoka kinywa kimoja. Picha za kuazima tu, na hakuna ya boksi lenyewe upande wa nyuma. Mnusaji hahitaji hata kusoma, Wino aliongeza chini. Profesa alifika, akafungua mdomo wake usio na breki, akasoma, akaufunga. Mwishowe aliuliza tu kama anaruhusiwa kunusa.

Shangazi alikuwepo pia. Wino alimsimamisha mbele ya meza akamwambia ukweli wake. Shangazi alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka. Akasema pesa imepotea na imekwenda zake, yule muuzaji watamripoti kwa wenye duka hilo la mtandaoni. Kilichomuuma ni kwamba alimpigia simu mtoto wake kwa furaha, akajibiwa uongo.

Njiani kurudi dukani, baba akamwambia Wino kwamba kutapeliwa kunaweza kumpata yeyote, hata mtoto wa mchapaji, na dawa yake ni kuangalia vizuri na kuuliza kabla ya kununua. "Lakini mwanangu, kitu bandia kikikufikia, kiishie kwako. Ukikipitisha kwa mwingine huku unajua, muuzaji ni wewe."

Kalamu zilibaki kwa Kibonge. Siku moja moja alimwazima Wino, na mkono aliouchora Wino haukutoka tena kama uma. Muhula uliofuata, kwenye gulio la nyuma ya maktaba, Wino alileta beji, safari hii halisi, na Kibonge akataka wabadilishane.

"Ni cha kweli?" Kibonge akauliza.

"Cha kweli."

Desturi ilikuwa kuuliza mara moja. Kibonge alimtazama kidogo, akauliza tena. Wino hakukasirika. Akajibu tena.