Kifuniko cha Pili

Basi lilikuwa limeshaanza kutembea. Bogna alikimbia ubavuni mwake, koti la mvua la kijani likimpiga miguuni, na Seweryn alikuwa ametoa kichwa dirishani kama mbuzi anayepelekwa mnadani.

"Kabla ya Sikukuu ya Watakatifu Wote nimerudi!" alipiga kelele. "Tutafungua ncha za mpira wa bustani pamoja!"

"Ukichelewa, baki huko huko!"

"Usilie, chura wangu!"

"Nani analia? Moshi wa basi huo!"

Kwao Poland mpenzi huitwa chura, na hakuna anayenuna. Basi likakata kona ya kanisa, likashika njia ya Norwe. Mji wa Suwałki ukabaki na asubuhi yake ya Septemba, mwaka 2006, miaka ile ambayo kila nyumba ilikuwa na mtu aliyeondoka.

Walikutana Aprili iliyotangulia, Jumamosi, katika duka la vifaa vya kilimo lililojaa hadi mlangoni. Bogna alikuwa amepata kazi yake ya kwanza ya kweli: kutengeneza bustani ya ua wa majengo ya ghorofa, waridi sitini kwenye mteremko. Alivaa buti zenye tope na skafu ya manjano, na kwapani alibana bunda la mpira wa matone wa kumwagilia, ule mwembamba unaolala bapa kama utepe.

"Huo ni wa msimu mmoja, bibie," sauti ilisema nyuma yake. "Januari utakuwa vipande."

"Nimekuuliza?"

"Hujaniuliza. Lakini foleni haisogei, na mimi sina la kufanya."

Akageuka. Mwanamume mrefu, sweta la kijivu limetoboka kiwiko, udongo kwenye kucha.

"Haya, bwana fundi. Wewe ungechukua upi?"

Seweryn akavuta mpira wa kahawia rafuni, akaubinya mbele ya macho yake. "Huu. Ukuta mnene, halafu laini. Maji yakiganda ndani, unatanuka tu. Bomba gumu lingekatika kama biskuti."

"Muuzaji kanisifia ule mweusi. Ukizima maji, matundu yake yanajifunga. Waridi wa juu na wa chini wanakunywa sawa."

"Yanajifunga, ndiyo. Na maji yanabaki humo humo. Kiangazi raha, baridi ikija balaa. Chukua unaotoa maji yote. Ulaze kwa mteremko, ncha zake mbili zikutane pale chini kabisa. Kabla ya Watakatifu Wote, Novemba mosi, barafu haijashika, unafungua vifuniko, unapuliza upepo, unakwenda zako kulala."

"Nitapuliza kwa mdomo? Mimi sina pampu."

"Mimi ninayo."

"Inakaa wapi hiyo pampu?"

"Itakaa utakapotaka."

Mzee mmoja aliyebeba ndoo tatu akashindwa kuvumilia. "Oaneni basi, lakini nje! Na sisi tuhudumiwe!"

Duka zima likacheka. Bogna akawa mwekundu kama wale waridi aliokuwa bado hajawapanda. Mpira mwembamba akaurudisha rafuni.

Kiangazi kile kilikuwa kizuri, na waliokiona wanakisema hadi leo. Waliutandaza mpira juani kwanza ulegee, wakaulaza chini ya maganda ya misonobari, na ncha mbili zikakutana chini ya mlilaki, mti mdogo wa maua ya zambarau. Mchana walikula ngazini kwa Bi Leokadia, mtunza majengo: kartacze, yale madonge ya viazi yenye nyama ndani, makubwa kama ngumi. Bi Leokadia hakuwa na dogo.

"Mnamwagilia waridi au mnamwagiliana?"

Jioni Bogna alifungua bomba, Seweryn akalala kifudifudi asikilize matone. "Yanaanza," alisema. "Njoo usikie." Bogna alikuja kila mara, ingawa alikuwa ameshasikia.

Kisha kazi zikaisha mjini, na Norwe ikaita: kazi ya kiwanda cha samaki.

Tangu basi liondoke mvua haikukatika, kwa hiyo bomba la bustani halikuguswa. Simu zilikuja kila Jumapili.

"Umekula nini, chura?"

"Samaki mwenzako."

"Hapa samaki hadi kwenye ndoto. Nakuota una magamba."

"Nenda zako huko!"

Jumapili ya mwisho ya Oktoba hakutania.

"Bogna, siji. Msimamizi hatuachii. Ni hadi Mei."

"Basi ncha nitazifungua mwenyewe."

Alishuka uani mchana ule ule, akafukua majani chini ya mlilaki. Ncha zilikuwa wazi. Ndani yake kulisokotwa wavu wa waya, panya wasiingie.

"Kijana wako huyo," Bi Leokadia alisema kutoka ngazini. "Asubuhi ile ile ya basi. Alipuliza mpaka mpira ukapiga mluzi. Vifuniko kaniachia humu." Akampa chupa ya achari ya matango, imefungwa kwa kitambaa.

Bogna hakuifungua. Alipiga simu pale pale mvuani.

"Ulijua."

"Nini?"

"Septemba ulishafungua. Waridi bado walikuwa na maua! Mtu anayerudi hafungi kazi, Seweryn."

"Niliogopa baridi ya mapema..."

"Usinidanganye."

Bogna akakata simu, na baada ya hapo hakupokea tena, hata Krismasi.

Baridi ilishuka hadi ishirini na saba chini ya sifuri. Kila asubuhi alipita karibu na mlilaki bila kuutazama.

Mei mlilaki ukatoa vitumba, udongo ukakauka, na waridi walitaka maji, mapenzi yawepo yasiwepo. Bogna akaitoa chupa kabatini na kufungua kitambaa. Kifuniko kimoja. Akaipindua, akaigonga kitako kwa kiganja. Kimoja tu.

Dukani vilikuwepo vimejaa sanduku. Hakwenda dukani. Alipiga simu.

"Kifuniko cha pili kiko wapi?"

"Kwenye funguo zangu. Tangu siku ile ya basi."

"Cha nini?"

"Bila hiki huwezi kufungulia maji. Nilitaka pawe na kitu ambacho hakiendi bila mimi."

"Kwa hiyo ulijua hutarudi Oktoba."

"Nilijua. Mkataba ulisema Mei. Lakini asubuhi ile ulianza kulia jikoni, nikaropoka Watakatifu Wote. Nisamehe."

"Sikuwa nikilia."

"Najua. Moshi wa basi."

Bogna akacheka, akajikasirikia kwa kucheka. "Waridi wana kiu, Seweryn. Siku kumi nakupa. Halafu nakwenda dukani."

Alifika siku ya tisa, mlilaki umefunguka wote. Hakuingia nyumbani. Alipiga magoti na suti yake ya safari, akakaza kifuniko kwa mkono, akamfanyia ishara afungulie.

"Yanaanza," alisema, sikio chini. "Njoo usikie. Halafu uniambie kama utaolewa na mimi au hutaki."

"Sogea kwanza, unanizibia."

Walioana Agosti. Seweryn hakurudi tena Norwe. Walipata binti mmoja, ambaye sasa anasoma Gdańsk na anataka kuwa daktari wa meno. Bi Leokadia alifariki mwaka 2013. Duka lilifungwa. Seweryn alikufa kwa moyo mwaka 2020, na Bogna anaishi ghorofa ya pili juu ya ua ule. Waridi waling'olewa mwaka uliofuata, mahali pao pakawa maegesho ya magari, na mafundi walipouvuta mpira kutoka ardhini haukuwa na ufa hata mmoja.