Mlima Nyuma ya Kitanda

Kila siku baada ya shule, Najat alibeba chupa ya uji kutoka Kaloleni hadi hospitali alikolazwa bibi yake, Bi Tunu, mwenye saratani ya mifupa. Mama alishinda dukani, hivyo zamu ya alasiri ilikuwa yake. Alimnywesha Bibi uji, akamtawadhisha kwa maji kidogo, akamsikiliza akiugulia maumivu. Kufikia siku ya kumi na mbili, miguu ya Najat ilikuwa mizito na hata kutabasamu kulimshinda.

Siku ya kwanza Bibi alikuwa ameuliza, "Nimeelekea kibla, mjukuu wangu?" Maumivu hayakumruhusu kugeuza shingo. Kugeuza kitanda kulihitaji kumwita nesi na kuhamisha dripu, na Najat alikuwa hoi. Akajibu, "Ndiyo, Bibi." Tangu hapo Bibi aliswali hivyo hivyo, amelala chali, akiashiria kwa macho.

Leo nesi Naeku alifungua pazia la dirisha lililokuwa nyuma ya kitanda.

"Jamani, Mlima Meru umefunguka mpaka kileleni!"

Nyumbani Kaloleni, tangu usichana wake, Bibi alitandika mkeka wa kuswalia akiuelekea mlima huo, maana kibla iko upande huo.

"Najat, mlima uko wapi?" Bibi aliuliza.

Angeweza kudanganya tena. Lakini aliitazama midomo ya bibi yake iliyokauka, akasema ukweli.

"Uko nyuma yako, Bibi. Nilikudanganya. Nilikuwa nimechoka."

Machozi yalimtoka Bibi kimyakimya. Najat alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mbona hukuniambia?" nesi Naeku aliuliza. "Mimi ni Mlutheri, lakini mgonjwa akitaka kuswali, kumsaidia ni kazi yangu pia."

Akaachia breki za magurudumu, Najat akashika chuma cha dripu, wakakigeuza kitanda. Haikuchukua hata dakika tatu.

Bibi aliutazama mlima kwa muda mrefu.

"Swala zilizopita Mungu atazipokea, maana sikujua," alisema kwa sauti ya uchovu. "Lakini mimi siwezi kugeuka, Najat. Naona kwa macho yako. Ukichoka, sema umechoka, kuchoka si kosa. Usimdanganye mtu ambaye hana namna ya kujua ila kwa kukuamini wewe."

"Nisamehe, Bibi. Nimechoka kweli."

"Nimekusamehe. Haya, nitawadhishe, kisha ukae upumzike."

Bibi akaanza kuswali. Kabla hajatoa salamu, Najat alikuwa amesinzia kitini.